Semei Kakungulu, jemadari aliyewaachia watoto wa Abayudaya dini na deni la elimu

Alikuwa mwindaji wa tembo, mkuu wa majeshi na mtawala wa sehemu kubwa ya mashariki mwa Uganda kabla ya kutahiriwa utu uzimani na kutangaza kuwa yeye na watu wake ni Wayahudi. Semei Kakungulu alifariki dunia mwaka 1928. Leo jina lake limo kwenye shule ya sekondari karibu na mji wa Mbale, ambako karo na chakula cha watoto wengi hutokana na ruzuku za Wayahudi walioko ng'ambo.

Semei Lwakirenzi Kakungulu alizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1860 katika ufalme mdogo wa Koki, ambao siku hizi ni sehemu ya kusini ya Uganda. Akiwa kijana alikwenda Buganda kutafuta cheo, kama walivyofanya vijana wengi wa wakati wake, na huko akakuta kasri lililojaa dini mpya. Wafanyabiashara kutoka pwani walikuwa wamekwisha kuleta Uislamu na Kiswahili. Wamisionari wa Kiprotestanti wa Uingereza waliwasili mwaka 1877, Wakatoliki wa Ufaransa wakafuata miaka miwili baadaye. Waganda waliita jambo hilo zima kusoma. Mtu aliyeingia dini, iwe ya Kurani au ya Biblia, alihesabiwa kuwa msomaji, na kusoma huko mara nyingi kulianza kwa Kiswahili, kwa kuwa Biblia nzima ya Kiganda haikupatikana hadi mwaka 1896.

Kakungulu naye alifunzwa na Waprotestanti kusoma Maandiko kwa Kiswahili. Jambo hilo si dogo kwa wanaokizungumza Kiswahili huko Rwanda na Uganda, ambao kwa muda mrefu lugha yao ilionekana kuwa ya sokoni na ya bandarini tu. Mtu ambaye baadaye angeasisi jumuiya ya Kiyahudi katika Afrika Mashariki alikutana na Musa na Ibrahimu kupitia lugha hiyo.

Vita vya wasomaji

Mwaka 1888 Kabaka Mwanga alipinduliwa na wasomaji wake mwenyewe, Waislamu na Wakristo wakiwa pamoja. Wiki chache baadaye washirika hao waligeukiana, Wakristo wakafukuzwa na kukimbilia mpakani mwa Ankole. Katika mapigano ya kurudi, ndipo Kakungulu alipojulikana. Hodari wa kuwinda tembo alijua kutumia bunduki, kuvumilia safari na kuwalisha watu wake njiani, na watu walimfuata. Alikuwa pia mkarimu wa kugawa nyara, sifa ambayo katika siku zile ilijenga majeshi haraka kuliko ukoo.

Alipanda hadi cheo cha Kimbugwe, kimojawapo cha vyeo vikubwa kabisa vya ufalme, akawa mpinzani wa wazi wa Apolo Kagwa, Katikiro wa upande wa Kiprotestanti. Mji mkuu haukuwatosha wote wawili. Katikati ya miaka ya 1890 Kakungulu aliuacha ukimbugwe na kuhamia Bugerere, pembezoni mwa ufalme, akiwa na wafuasi na bunduki zake. Kagwa alibaki kuwa mwenye sauti Mengo na mwaka 1900 akatia saini mkataba na Uingereza uliowagawia machifu wa Buganda maelfu ya maili za mraba za ardhi. Kakungulu alikuwa mbali, akitafuta nchi yake mwenyewe upande wa pili wa Ziwa Kyoga.

Aprili 1899 majeshi yake yalikuwa pamoja na askari wa Uingereza walipowakamata Mwanga na Kabalega, mfalme wa Bunyoro, katika nchi ya Lango. Wafalme hao wawili walipelekwa uhamishoni Shelisheli. Mwanga alifia huko mwaka 1903, na Kabalega aliachiliwa akiwa mzee, akafia Jinja mwaka 1923 kabla ya kufika nyumbani.

Baada ya ushindi huo Kakungulu alielekea mashariki. Kwa muda wa takriban miaka mitatu alipita katika nchi za Wateso, Wagwere na Wagisu, akijenga ngome, akifungua barabara na kuweka machifu wa Kiganda juu ya watu ambao hawakuwa na mfalme. Miembe inayotoa kivuli kandokando ya barabara za Kumi na Soroti huhusishwa naye hadi leo. Kivuli hicho kina historia yake: barabara zilichimbwa kwa kazi ya kulazimishwa, ng'ombe walichukuliwa, na waliokataa walipigwa. Huko Teso na Bugisu jina lake halitajwi kwa upendo kama linavyotajwa na wafuasi wake, na anayesimulia maisha yake bila kulisema hilo anapunguza ukweli.

Ufalme usiopatikana

Kakungulu aliamini kwamba Uingereza ilikuwa imemwahidi ufalme. Sir Harry Johnston, kamishna maalumu aliyefika Uganda mwaka 1899, alimpa matumaini ya kutambuliwa kuwa mtawala wa Bukedi, naye akaanza kujichukulia kuwa kabaka wa nchi hiyo. Maafisa waliomfuata Johnston walitaka msimamizi tu, anayewakusanyia kodi na kutii. Mwaka 1902 waliichukua ngome yake ya Budaka na kumwamuru ahamie kwenye ardhi ya maili 20 za mraba chini ya Mlima Elgon. Alikwenda. Mahali hapo palikuwa na pori na simba, naye na watu wake wakapageuza kuwa mji wa Mbale, wenye migomba, barabara na soko lililowavuta Wahindi, Waarabu na Waswahili waliokuwa njiani kwenda Karamoja kutafuta pembe za ndovu.

Mji uliponawiri, serikali iliutwaa pia. Mwaka 1906 Kakungulu alihamishwa kwenda Busoga kuwa rais wa baraza la machifu, cheo kikubwa kwa jina kuliko kwa nguvu, na alipoondolewa huko takriban miaka saba baadaye alirudi Mbale akiwa na uchungu. Alikuwa amewapa Waingereza robo ya nchi, akabakiwa na mashamba na wafuasi waaminifu. Wapo wanaoona kwamba dini zake zote za baadaye zilikuwa hasira ya kisiasa iliyovaa kanzu. Maelezo hayo ni mepesi mno. Mtu mwenye hasira tu asingetumia miaka kumi na zaidi akichambua Maandiko kifungu kwa kifungu, na asingekubali kisu.

Kutoka kwa Bamalaki hadi kwa Musa

Katika miaka hiyo ya 1910 kulizuka Buganda kanisa la Bamalaki, lililoitwa hivyo kwa jina la Malaki Musajjakawa na kuongozwa pamoja na chifu Joswa Kate. Lilibatiza bila masharti marefu, likakataa dawa na madaktari, na likavuta makumi ya maelfu ya watu. Kakungulu alijiunga nalo. Kukataa dawa kulimgonganisha na serikali, hasa maafisa walipotaka ng'ombe wachanjwe, na chifu aliyegoma chanjo hakuwa chifu tena machoni pao.

Lakini Kakungulu aliendelea kusoma. Aliona kwamba vitabu vitano vya Musa, ambavyo wasomaji Waislamu huvijua kwa jina la Taurati, vinaamuru tohara, na akauliza kwa nini Wakristo hawaitekelezi. Bamalaki walimjibu kwamba hayo ni mambo ya Wayahudi. Akaamua kwamba ikiwa ni hivyo, basi yeye ni Myahudi. Mwaka 1919, akiwa na umri wa takriban miaka 50, alitahiriwa pamoja na wanawe na wafuasi wake katika makao yake ya Gangama, nje kidogo ya Mbale. Mwana wake mmoja alipewa jina la Yuda Makabee.

Uzito wa kitendo hicho unaeleweka vyema na anayezijua mila za Buganda. Wagisu waliowazunguka hutahiri vijana wao kwa sherehe kubwa kila baada ya miaka miwili, lakini Waganda kwa jadi hawakutahiri, na mwili wa Kabaka haukupasa kumwaga damu. Mutesa wa Kwanza alifunga Ramadhani kwa takriban miaka kumi na bado hakutahiriwa, kisha katikati ya miaka ya 1870 akawaua vijana wa Kiislamu wa kasri lake walioshika dini kwa ukali kuliko yeye. Kakungulu alivuka mpaka ambao mfalme wake hakuuvuka.

Mwaka 1920 alifika kwake Myahudi mgeni ambaye jumuiya humkumbuka kwa jina la Yosef. Alikaa kwa takriban miezi sita na kuwafundisha kalenda ya sikukuu, kuchinja na kula kwa sheria, na sala, akawaachia Biblia ya Kiebrania. Kakungulu aliwakusanya vijana wafundishwe mambo hayo ili nao wawafundishe wengine, na mwaka 1922 akachapisha kitabu cha kurasa zipatazo 90 cha maombi na kanuni kwa ajili ya watu wake. Wakajulikana kama Abayudaya, yaani Wayahudi kwa Kiganda. Alipofariki tarehe 24 Novemba 1928, wafuasi wake walikadiriwa kufikia 2,000.

Shule zilikuwa za makanisa

Hapa ndipo maisha ya jemadari huyu yanapogusa maisha ya watoto ambao hakuwaona. Katika Uganda ya wakati huo, elimu ilikuwa mikononi mwa misheni. Baada ya mwaka 1925, serikali ya kikoloni ilipounda idara ya elimu, iliamua kutoa ruzuku kwa shule hizohizo za makanisa badala ya kujenga zake kwa wingi. Fedha za umma ziliwafuata Waanglikana na Wakatoliki. Mtoto wa Myahudi wa Gangama aliyetaka kujua kusoma na kuhesabu aliingia darasani ambako siku ilianza kwa sala isiyo yake, Jumamosi haikuwa ya mapumziko, na jina la ubatizo lilifungua milango. Baadhi walibadili dini ili wasome. Wengine walibaki na dini, wakabaki mashambani.

Kwa wasikilizaji wa Nyamyumba na Gisenyi kwa jumla, sehemu hii haitakuwa ngeni. Rwanda chini ya Wabelgiji nayo iliacha shule kwa misheni, na watoto wa familia za Kiislamu zilizozungumza Kiswahili walichelewa kuingia madarasani kwa sababu hiyohiyo. Waislamu wa Uganda walijibu kwa kuanzisha chama chao cha elimu katika miaka ya 1940, wakiongozwa na Mwanamfalme Badru Kakungulu, ambaye hapaswi kuchanganywa na Semei ingawa wanaitwa jina moja. Badru alikuwa wa ukoo wa kifalme, na nyuma yake kulikuwa na Waislamu wa nchi nzima. Abayudaya walikuwa wachache tu, wakulima wa migomba na kahawa, wasio na msaada wowote wa nje.

Kakungulu hakuliona deni hilo likija, au aliliona na kulipuuza. Alikuwa mtu wa kujitenga. Alihama Mbale akaenda mlimani, alikataa waganga wa serikali, na kila alipokataliwa na wakubwa alijenga kitu chake mwenyewe. Tabia hiyo iliwapa watu wake dini iliyodumu. Iliwapa pia vizazi viwili vya watoto ambao wengi wao hawakufika sekondari. Ardhi aliyowaachia ilikuwa ya thamani, lakini ardhi peke yake haimlipi mwalimu, na ilipogawanywa kati ya warithi na wafuasi ilizidi kupungua.

Baada ya kifo chake wengi walirudi makanisani. Waliobaki waliongozwa kwa miaka mingi na Samson Mugombe, na hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, alipowatembelea Arye Oded, msomi na mwanadiplomasia wa Israel, mawasiliano yao na Wayahudi wa nchi nyingine yalikuwa haba. Matumaini yaliyoanza hapo yalikatika mwaka 1971 Idi Amin alipotwaa madaraka. Ibada zao zilipigwa marufuku, masinagogi yakafungwa au kuharibiwa, na watu wakasali kwa siri majumbani na vichakani. Amin alipoangushwa Aprili 1979, siku zilezile za Pasaka ya Kiyahudi, Abayudaya waliosalia walikadiriwa kuwa 300 hivi.

Fedha kutoka ng'ambo

Uhai ulirudi polepole. Katika miaka ya 1980 kundi la vijana waliishi na kulima pamoja kwenye kilima cha Nabugoye, wakijaribu kufufua walichokisikia kwa wazee. Katika miaka ya 1990 walianza kufikiwa na wageni kutoka Marekani, wakiwemo wa shirika la Kulanu, lililoundwa mwaka 1994 kwa ajili ya jumuiya za Kiyahudi zilizotengwa. Mwaka 2002 marabi kutoka Marekani na Israel waliendesha ibada rasmi ya kuwaingiza mamia ya Abayudaya katika Uyahudi, jambo ambalo baadhi ya wazee waliliona kuwa la ajabu, kwa kuwa wao walijihesabu Wayahudi tangu 1919. Gershom Sizomu, aliyekulia katika jumuiya hiyo, alipata daraja la urabi mwaka 2008 baada ya masomo Los Angeles, na mwaka 2016 akachaguliwa kuwa mbunge.

Wageni walipouliza kipi kinahitajika, jibu lililorudi mara kwa mara lilikuwa shule. Ndipo zikapata nguvu shule ya msingi ya Hadassah na shule ya sekondari iliyopewa jina la Semei Kakungulu. Ruzuku zililipa walimu, zikaongeza majengo, zikagharimia karo za waliokosa na chakula cha mchana. Uganda ilifuta karo za shule za msingi za serikali mwaka 1997, lakini sare, madaftari na chakula viliendelea kuwa mzigo kwa mkulima mwenye watoto sita, na sekondari ilibaki ghali. Uji wa saa nne unaweza kuonekana jambo dogo kwenye ripoti ya mfadhili. Mwalimu wa darasa la kwanza anajua ni watoto wangapi wasingekuja bila uji huo.

Shule hizo hazikuwafungia nje majirani. Wanafunzi Waislamu na Wakristo husoma humo pamoja na Wayahudi, na uamuzi huo una maana katika jumuiya iliyowahi kuambiwa kwamba mlango wa darasa ni ubatizo. Mwelekeo huo uliingia pia mashambani, pale mwaka 2004 wakulima wa dini hizo tatu walipoanzisha ushirika wa kahawa wa Mirembe Kawomera, unaouza nje kahawa ya miteremko ya Elgon.

Ufadhili wa aina hii una udhaifu wake. Mfadhili aliye mbali hutoa anapoguswa, na huguswa zaidi na simulizi kuliko na hesabu ya mishahara. Habari ya Wayahudi weusi wanaoimba zaburi kwa Kiganda iliwavutia wengi, lakini paa linalovuja mwaka wa kumi halina simulizi. Jumuiya inayotegemea barua za kila mwaka haiwezi kupanga miaka kumi mbele, na watoto wanaosomeshwa kwa njia hiyo huishi wakijua kwamba muhula ujao unategemea moyo wa mtu wasiyemjua. Pamoja na hayo, hakuna chanzo kingine kilichojitokeza katika miaka 60 baada ya kifo cha Kakungulu.

Rwanda inao mfano wa fedha za aina hiyo zikielekea upande mwingine. Kijiji cha vijana cha Agahozo-Shalom huko Rwamagana, kilichofunguliwa mwaka 2008, kilianzishwa na Anne Heyman, mwanasheria Myahudi mzaliwa wa Afrika Kusini aliyeishi New York na kufariki mwaka 2014. Alifuata mfano wa Yemin Orde, kijiji cha Israel kilichojengwa mwaka 1953 kwa ajili ya mayatima wa mauaji ya Wayahudi barani Ulaya na watoto wahamiaji. Watoto wa Rwamagana si Wayahudi. Waliingia pale kwa sababu walifiwa au walikuwa hatarini. Kule Nabugoye ni Wayahudi wanaosoma pamoja na wasio Wayahudi. Fedha zote mbili zilitoka kwa watu waliokumbuka kwamba watoto wao pia waliwahi kulelewa na wageni.

Mwaka 2010 kilifunguliwa Mbale kituo cha afya cha Tobin, kwa ufadhili wa Wayahudi wa Marekani na kwa jitihada za Abayudaya wenyewe. Hutibu malaria, hupokea wajawazito na huhudumia watu wa dini zote. Wanaolala kwenye vitanda vyake, au wanaopiga foleni ya dawa wakiwa na watoto mgongoni, wapo walio wajukuu na vitukuu wa watu walioapa pamoja na Kakungulu, kwenye miteremko ileile, kutomeza kidonge.